Pua Tatu za Ndege ya Mniko

Mlinzi wa ghala alikuwa ameweka kiti chake ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la mbolea. Sasa mlinzi gani huyo anayelinda mali akiwa upande wa pili wa barabara? Inspekta Kokushubira hakumgombeza. Alimwita kwa mkono tu, naye Nashoni akavuka akiburuta miguu kama mtu anayeitwa kuchomwa sindano.

Ghala lilikuwa la pamba enzi za ushirika, pembeni kabisa ya Morotonga, karibu na Mugumu. Siku hizi mlikuwa na ndege iliyoanguka, au tuseme masalia yake: pua, kiti cha rubani, bawa moja na mkia. Rubani, kijana wa Tarime aliyeitwa Mniko, alikuwa ameshazikwa. Fundi aliyeitunza ndege hiyo, Faridu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa mahabusu pale Mugumu, na keshokutwa jalada lake lilikuwa liende kwa wakili wa serikali likiwa na neno moja juu yake: mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu anaingia gerezani kijana anatoka na mvi, hapo kama bahati yake ni ya kutoka.

Nashoni akaomba waingie jioni, jua likishapoa. Kokushubira akamuuliza kwa nini. Mlinzi akatazama chini, akasema kwamba mchana, jua linapokuwa juu ya paa, yule marehemu anarudi kurusha ndege yake. Wenzake watatu wameshaacha kazi. Yeye ana watoto, ndiyo maana bado yupo, lakini ndani haingii.

Konstebo Mogesi, dereva wa Inspekta, Mkurya wa hukohuko Tarime, alicheka. Ila hakuwa na haraka ya kushuka kwenye gari.

"Tunaingia sasa hivi," alisema Kokushubira.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mafuta ya taa. Bati moja la paa lilikuwa la plastiki, lile la kupitisha mwanga, na jua lilipenya hapo likaangukia bawa lile lililosalia. Kokushubira alianza kuzunguka mabaki polepole, mikono nyuma. Alikuwa amefika mbele ya kiti cha rubani, kiti ambacho bado kilikuwa na mkanda uliokatwa kwa kisu, aliposikia kitu kikiguna.

Mkia ulikuwa unapanda.

Ulipanda taratibu, ukasimama, ukashuka taratibu, ukasimama. Kisha ukarudia. Hakuna aliyeugusa. Kwenye kiti hapakuwa na mtu, na usukani mdogo wa rubani ulikuwa umetulia mahali pake. Nashoni alikuwa ameshatoka. Mogesi alisema kitu kwa Kikurya, neno ambalo mama yake asingependa kulisikia. Inspekta alibaki amesimama, nywele zimemsisimka mpaka kisogoni, na asikudanganye mtu kwamba polisi hawaogopi. Aliogopa sana. Alichokuwa nacho ni ubishi wa watu wa Bukoba, basi.

Mguno ulipokoma alimwagiza Mogesi apande juu ya bawa. Juu yake palikuwa na ngozi nyeusi inayong'aa, ya kuvuna umeme wa jua. Mogesi akaifunika kwa koti lake. Wakangoja. Mkia haukusogea tena.

"Kumbe ni sola," alisema Mogesi, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu kidogo.

"Ni sola," alisema Kokushubira. "Lakini sola inawasha tu. Nani anayeuambia upande na ushuke?"

Hilo lilikuwa swali la kumuuliza Faridu, na angemfuata. Kwanza alimaliza kukagua. Alifika puani pa ndege, akachuchumaa. Huko mbele, kushoto na kulia, ilichomoza mirija miwili ya chuma, myembamba kama kalamu, kila mmoja na tundu kwenye ncha. Wataalamu waliotumwa kutoka Dar es Salaam walikuwa wamekuja na kompyuta zao, wakanakili kumbukumbu za kompyuta za ndege, wakakaa nazo hotelini, wakaondoka. Kwenye ripoti yao mirija hiyo ilitajwa kwamba ipo na haikupinda. Hakuna aliyeandika habari za sisimizi.

Sisimizi walikuwa wamejipanga. Walipanda kutoka sakafuni, wakafuata ubavu wa ndege, wakaingia kwenye mrija wa kushoto na kutoka. Kulia hali ilikuwa hiyohiyo. Kokushubira aliuliza nani anakula chakula humu. Nashoni akajibu akiwa mlangoni kwamba humu hata maji hakuna anayekunywa. Inspekta akapanda juu ya kasha la mbao kwenda kuangalia mkiani, mahali ulipokuwa mrija wa tatu, juu kabisa. Huko hapakuwa na sisimizi hata mmoja.

Alizungushia pamba kwenye waya mwembamba, akaiingiza kwenye mrija wa kushoto, akaizungusha. Ilitoka na rangi ya manjano, inateleza. Akanusa. Akampelekea Mogesi.

"Samli," alisema Mogesi bila kufikiri.

"Ya dukani?"

Mogesi akanusa tena, safari hii amefumba macho. "Hapana, afande. Hii ni ya kwenye kibuyu. Ina moshi."

Mrija wa kulia ulitoa pamba kama hiyo, wa mkiani ukaitoa kavu. Pamba ya kushoto iliingia kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, na wote wawili wakatia sahihi juu ya gundi; ya kulia ikaingia kwenye bahasha nyingine, ya kunusisha watu.

*

Mwaka ule bei ya dhahabu ilipanda mpaka walimu wakatupa chaki. Kuanzia Tarime mpaka karibu na lango la Ikoma watu walichimba maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakaosha mchanga, wakagombana, wakafukiwa. Ndipo kampuni moja ya utafiti ilipoleta ndege ya majaribio, ya kupita juu na kunusa mwamba wa dhahabu ulikolala. Wachimbaji wadogo waliichukia. Walisema ikishaona dhahabu yao, leseni itapewa mwenye suti. Ilipoanguka, wengine walishangilia, mpaka waliposikia rubani ni kijana wa kwao.

Tangu hapo maneno hayakwisha. Kwamba imepigwa risasi. Kwamba Wangwe, mwenyekiti wa wachimbaji, aliapa mkutanoni kuiangusha, na kweli aliapa, Kokushubira alikuwa na majina ya waliomsikia. Lakini neno lililoshika zaidi lilikuwa la jini. Fundi wa pwani, eti, alifuga jini ndani ya ile ndege, na ushahidi ukawa mkia unaocheza mchana kweupe. Meneja wa kampuni, Raphael, msomi mzima, hakusema jini. Alisema hujuma. Ila kidole alikielekeza kwa mtu yuleyule.

Faridu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amekonda. Kokushubira alianza na mkia. Kijana akatabasamu kidogo, kwa huzuni, akaeleza kwamba kompyuta zikipata umeme zinaamka, na zikiamka jambo la kwanza ni kujipima: zinapandisha mkia na kuushusha zijue kama bado unatii. Hazijui kama zimeanguka. Zinadhani ni asubuhi ya safari.

Inspekta hakupenda jibu hilo. Jini lingekuwa nafuu.

Akamwomba amweleze ndege yenyewe, polepole, kama anavyomweleza mtu wa barabarani. Faridu akasema kwamba ndege za kawaida zina waya. Rubani akivuta usukani, waya unavuta mkia. Hii haikuwa na waya. Usukani wa Mniko ulikuwa unaomba tu. Ombi lilikwenda kwenye kompyuta tatu, nazo ndizo zilizoamua mkia usogee kiasi gani, ili rubani asije akakosea akaizidishia ndege mwendo au kuipunguzia mno. Na ili zijue mwendo, kila kompyuta ilikuwa na mrija wake wa kunusa upepo: wa kushoto, wa kulia, na wa mkiani.

"Zikitofautiana?"

"Zinapiga kura, afande. Wawili wakikubaliana, wa tatu anaambiwa anyamaze."

Hapo ndipo kesi ilipomkalia. Kwenye kumbukumbu ya ndege, mirija miwili ya mbele ilisema mwendo ni mkubwa, tena unazidi. Wa mkiani ukasema mwendo unakufa. Wataalamu wakaandika kwamba wa mkiani ulidanganya ukaivuruga ndege. Na nani aliyeufunga mrija wa mkiani mahali pake, siku chache kabla? Faridu, kwa mikono yake mwenyewe.

"Hata mimi nimeanza kuamini," alisema kijana. "Nikilala naota naufunga tena. Sijui nilikosea wapi."

Kokushubira alitoa mchoro kwenye jalada. Palikuwa na mistari mitatu ya rangi. Mstari wa kushoto na wa kulia ilipandana kabisa, huwezi kupitisha hata wembe katikati. Wa tatu ulikwenda chini peke yake.

"Mashahidi wawili wakinieleza jambo neno kwa neno," alisema, "mimi huwa siwapongezi. Huwa nawauliza jana yake walikutana wapi."

Akaifungua ile bahasha ya kunusisha. Faridu alinusa, akaweka pamba mezani. Kisha akauliza kama ni mirija yote miwili ya mbele. Yote miwili. Na wa mkiani? Wa mkiani msafi. Kijana akashika kichwa, maneno yakaanza kumtoka mbiombio mpaka Inspekta akamwambia apumue.

Ndege ilikuwa imeanikwa juani asubuhi nzima, chuma kimepata moto. Samli iliyomo ndani ilikuwa maji, kwa hiyo wakati wa kuruka upepo ulipita, mwendo ukasomeka sawa, hakuna aliyeshtuka. Upepo ukaisukuma ndani zaidi. Huko juu kuna baridi. Samli ikaganda kwenye mrija, ikafungia upepo wa chini humo ndani kama chupa iliyozibwa. Ndege ilivyozidi kupanda, hewa ya nje ikazidi kuwa nyepesi, nao ule upepo uliofungwa ukaonekana mzito, na upepo mzito kwa kompyuta maana yake ni mwendo mkali. Kushoto hivyo, kulia hivyo. Wa mkiani peke yake ndio ulioona kweli, ukapigiwa kura ukanyamazishwa. Kompyuta zikainua pua ili ndege ipunguze mwendo, kumbe mwendo haupo.

"Na Mniko?" aliuliza Kokushubira.

"Mniko alijua." Faridu alikuwa analia sasa, wala hakujificha. "Imo kwenye kumbukumbu, afande, angalia mstari wa usukani. Ameusukuma mbele mpaka mwisho. Anaiambia ishushe pua, anaiambia, nayo inamjibu wewe ni mmoja. Ameusukuma mpaka chini."

Inspekta alimwachia leso yake. Alipomuuliza nani alikuwa na ndege asubuhi hiyo, Faridu alisema alivua vifuniko vyekundu vya mirija mapema, akaipima, akaenda kunywa chai. Alirudi akamkuta Mniko ameshapanda. Kuhusu samli hakuwa na la kusema. Kwao Tanga hawapikii hata.

*

Wangwe walimkuta kwenye karasha lake, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, njia ya kutoka Mugumu, vumbi la mawe limempaka mwili mzima. Mtu wa kelele, Wangwe, mpole kama haongei na hadhara. Kokushubira alimwambia ana swali moja tu na asimjibu kwa hotuba. Akamnusisha bahasha.

Wangwe alikiri kwamba aliapa. Alikiri pia kwamba alionekana Sirari, kule mpakani, akiwa na Faridu, jambo ambalo Raphael alilibeba kama ushahidi. Walikwenda kuchagua mota ya karasha, na mota hiyo hapo, inanguruma, afande aiulize. Lakini samli? Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi nikitaka kuiangusha ndege nitatumia kitu ninachokijua. Nina baruti, nina mawe." Kisha kicheko kikamwisha, akairudisha bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo Inspekta hakuitegemea. "Hii ya moshi hivi huwezi kuinunua sokoni. Hii mtu hupewa na mama yake."

Mogesi alisimama kama aliyepigwa kofi. Njiani hakuwasha redio. Kokushubira alimtazama mara moja, akaona anajua, akamwacha. Jambo la kujua na jambo la kuandikwa ni mambo mawili.

Nashoni hakubanwa sana. Alipoona gari limerudi ghalani, alivua kofia kabla hawajashuka. Alieleza kwamba kabla ya ajali alikuwa analinda kiwanja cha ndege, na wageni walikuwa marufuku kule, Raphael alimwambia akimwona mgeni tu hana kazi. Asubuhi ile Mniko akamleta mama yake mzazi aione ndege, mara moja tu, na nani angemkatalia kijana kama yule? Mniko aliitwa ofisini. Mama akabaki peke yake na ndege. Nashoni alimwona anazunguka pale mbele, anaongea nayo kwa Kikurya, anaipaka kitu kwa dole gumba kutoka kwenye kibuyu kidogo. Alidhani anaibariki. Mniko aliporudi akakuta pua inang'aa, akacheka, akamkumbatia mama yake, akatoa leso na kufuta.

"Alifuta wapi?"

"Hapo nje, afande. Kwenye rangi."

Kokushubira hakupiga kelele mara nyingi katika kazi yake, lakini hapo alimpigia kelele. Kwamba mtu wa watu ameozea mahabusu, na wewe umekalia kibaraza cha mbolea unaogopa mizimu, kumbe unachokiogopa ni mshahara. Nashoni aliyapokea yote. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo lilimuudhi Inspekta zaidi. Maelezo yake aliyachukua palepale, juu ya boneti.

*

Kwa akina Mniko, upande wa Tarime, unafika ukiwa umeshasikia karasha za machimbo kabla hujaona nyumba. Kaburi lilikuwa pembeni ya boma, saruji bado mpya. Bi Wegesa, mama wa marehemu, alikuwa anaanika mtama. Kokushubira alimwamkia shikamoo, akapewa kigoda, akapewa uji, akaunywa wote, maana kuuacha kungekuwa tusi. Mogesi alikaa chini karibu na mama, akamjulisha ukoo wake, wakakuta hawako mbali.

Inspekta alimweleza kwamba amekuja kuchukua maelezo yake na kwamba hakuna anayemshitaki. Kisha akauliza kuhusu asubuhi ile.

Bi Wegesa hakuficha kitu. Hakujua kama kuna cha kuficha. Katika ukoo wao, alisema, kitu kipya cha kwenda mbali hakiondoki bila kupakwa puani. Fahali wa mahari hupakwa. Baiskeli ya marehemu mume wake aliipaka kwenye taa. Mniko mwenyewe alipokwenda shule ya bweni alimpaka, akalia akisema wenzake watamcheka. Sasa ndege ndiyo asingeipaka? Aliikuta ina pua mbili, ndogondogo, akazijaza vizuri kwa dole gumba, kushoto na kulia, akiita majina ya babu zake. Mtoto wake alimcheka. Alimcheka sana siku ile, alikuwa na furaha.

Kokushubira aliandika. Mkono wake ulikwenda sawasawa kwenye mistari.

Kisha mama akageukia Kikurya, kwa sauti ya chini, akielekeza mkono juu, kama anayeonyesha kitu kilicho mbali na kichwa chake. Mogesi alisikiliza. Alipomaliza, Mogesi hakutafsiri.

"Amesemaje?"

Konstebo alitazama mtama.

"Mogesi. Amesemaje?"

"Anasema pua ya tatu aliiona. Ile ya mkiani. Ilikuwa juu, hakuifikia. Alitaka kumwomba mlinzi kiti, akaona aibu." Mogesi alimgeukia Inspekta. "Anasema anajua hiyo ndiyo iliyomuua. Kila siku anawaza kile kiti. Anauliza, afande, kama angepanda kwenye kiti, mura wake, kijana wake, angerudi?"

Karasha za machimboni ziliendelea kusaga. Kuku alikuja kudonoa mtama na hakuna aliyemfukuza.

Sheria inataka maelezo yasomwe mbele ya aliyeyatoa kabla hajaweka alama yake. Kokushubira aliyasoma, na Mogesi akatafsiri palipohitaji. Maelezo yalisema alichofanya mama, wala hayakusema kilichotokea baadaye. Angeweza kuishia hapo. Dole gumba lingewekwa, Faridu angetoka, na mama angebaki na kile kiti chake. Mpaka siku wakili mmoja atakaposimama mbele ya hakimu, mbele ya watu wote wa Mugumu, akamweleza kwa kalamu mkononi.

Inspekta aliikunja karatasi juu ya magoti.

"Mama," alisema, "kiti kisingemsaidia. Ile ya juu ambayo hukuifikia ndiyo peke yake iliyosema kweli."

Akamweleza. Alitumia maneno machache na mepesi, na pale palipokuwa pazito alisimama mpaka Mogesi amalize. Samli iliyeyuka, kisha ikaganda. Zile mbili za mbele zikaziba. Ndege ikasikiliza zile mbili. Mniko alijua, akapigana nayo, hakukata tamaa mpaka mwisho. Hakurudia kwamba hakuna anayemshitaki, kwa sababu alikuwa ameshalisema na sasa lilikuwa halina kazi.

Bi Wegesa hakulia. Aliangalia dole gumba lake la kulia, akalificha ndani ya kiganja, akalifunika na mkono mwingine. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, na Mogesi, mtu mzima mwenye sare, alianza kutokwa machozi yanayodondokea kwenye kola.

"Ni mimi," alisema mama, kwa Kiswahili.

Kokushubira hakumkatalia wala hakumkubalia. Alimshika goti.

"Na hiyo karatasi inasema ni mimi."

"Inasema ulichofanya. Haisemi ulikusudia nini. Nitaandika na hilo, kwa karatasi yangu mwenyewe." Akapumua. "Mama, siwezi kukulazimisha. Ukikataa, narudi nayo hivihivi. Lakini kuna kijana, fundi wa ile ndege. Alikuwa rafiki wa Mniko. Bila hii karatasi kesho anaandikiwa kwamba alimuua."

"Yule wa pwani."

"Ndiyo huyo."

Mama aliangalia kaburi. Watu wote wa kijiji walikuwa wameshamwambia kwamba yule wa pwani ndiye, mwenye jini, na kila aliyekuja kumpa pole alimwachia jina hilo. Lilikuwa jina rahisi kulichukia. Angeweza kuendelea nalo mpaka kufa kwake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ana mama?" aliuliza.

"Anaye."

"Mzima?"

"Mzima. Hunipigia simu. Huniuliza kama mtoto wake anakula."

Bi Wegesa alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayemsikiliza mtu mwingine asiyekuwepo pale. Kisha akaufungua mkono wake, akaunyoosha mbele ya Inspekta, dole gumba likiwa juu.

"Lete huo wino, mwanangu," alisema. "Harakisha, kabla sijakataa."